Nyama, Dhamiri na Jirani: Uhakiki wa Mahubiri ya Tunduma juu ya 1 Wakorintho 8–10

Utangulizi

Mwanzoni mwa Aprili 2013, siku chache tu baada ya Pasaka, mji wa Tunduma uliingia katika fujo. Chanzo chake kilikuwa swali ambalo mgeni angeliona kuwa dogo: ni nani apaswaye kumchinja mnyama ambaye nyama yake itauzwa buchani kwa watu wote? Polisi walitumia mabomu ya machozi, watu kadhaa wakakamatwa, na shughuli za mji zikasimama. Wakati ule Tunduma ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kwa maana Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016. Ni mji wa mpakani. Barabara kuu iendayo Lusaka na Lubumbashi hupita humo, reli ya TAZARA hali kadhalika, na ng'ambo yake iko Nakonde. Wanyamwanga na Wanyiha, ambao ni wenyeji wa nchi hiyo, huishi hapo pamoja na wafanyabiashara na madereva waliotoka kila upande, Wakristo na Waislamu, na aghalabu hula katika vibanda vilevile.

Ugomvi huo haukuzaliwa Tunduma. Mwezi Februari wa mwaka uleule, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji mmoja wa kanisa la Kipentekoste aliuawa katika ghasia zilizohusu jambo hilohilo la kuchinja. Habari za kifo chake zilienea nchi nzima, nazo ziliingia mimbarini. Kuanzia hapo, katika sharika nyingi za nyanda za juu kusini, fungu la 1 Wakorintho 8 hadi 10 lilihubiriwa kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka.

Makala hii haikusudii kusimulia fujo wala kumtafuta aliyezianzisha. Hiyo ni kazi ya vyombo vingine. Inakusudia kuhakiki mahubiri. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwangalifu mwenye mwandiko mzuri, alikuwa na desturi ya kuandika katika daftari muhtasari wa kila hubiri alilolisikia. Daftari lake la mwaka 2013 lilinifikia kwa mkono wa mwanafunzi wangu mmoja. Ndani yake mna mahubiri matatu juu ya jambo hili, yaliyohubiriwa na watu watatu kati ya Februari na Mei. Sitawataja wahubiri wawili kati yao. Wa tatu ni mimi. Wakati ule nilikuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja kando ya barabara kuu, kati ya Vwawa na Tunduma, na hubiri la pili katika daftari hilo ni langu. Msomaji apime uhakiki wangu akijua hivyo.

Hubiri la kwanza: "Nyama ya sanamu"

Mhubiri wa kwanza alifundisha kwamba nyama iliyochinjwa na Mwislamu ni sadaka iliyotolewa kwa sanamu. Alisema kwamba mchinjaji humwelekeza mnyama Makka na kutamka jina juu yake, na kwamba jina hilo silo la Mungu wetu. Kwa hiyo Mkristo aliyaye nyama hiyo hushiriki meza ya mashetani, kama Paulo aonyavyo katika 10:20-21. Hubiri hili lilipendwa. Lilikuwa fupi, tena lilimpa msikilizaji sababu ya kiroho kwa hasira aliyokuwa nayo tayari.

Kosa lake la kwanza ni la ufafanuzi. Neno alitumialo Paulo ni eidolothuton, yaani kitu kilichochinjwa kwa ajili ya sanamu. Korintho ilikuwa na mahekalu yenye sanamu za miungu. Wanyama walitolewa kafara humo, sehemu ya nyama ikaliwa katika kumbi za hekalu, na nyingine ikafika sokoni. Hayo ndiyo mazingira ya neno hilo. Mwislamu je, ana sanamu gani? Katika dini zote zilizopo Afrika Mashariki hakuna inayochukia sanamu kuliko Uislamu. Anapochinja hutaja jina la Mungu na kumtukuza kwamba ni Mkuu, wala hamtolei mnyama yule mungu yeyote kama kafara. Kumwita mtu huyo mwabudu sanamu ni kumsingizia jambo ambalo yeye mwenyewe angekubali kufa kuliko kulitenda.

Wapo watakaojibu kwamba jina la Allah ni jina la mungu mwingine. Jibu hilo haliwezi kusimama mbele ya Wakristo Waarabu wa Misri, Lebanoni na Siria, ambao katika Biblia zao na liturgia zao humwita Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo kwa jina hilohilo. Wala haliwezi kusimama mbele ya Kiswahili chetu, ambamo Mkristo na Mwislamu husema Mungu, na hakuna anayemwomba mwenzake atafute neno lingine.

Kwa Mlutheri kuna ushahidi wa karibu zaidi. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, mwishoni mwa maelezo ya Imani, Luther anawataja wapagani, Waturuki na Wayahudi. Hasemi kwamba wanaabudu sanamu. Anakubali kwamba hata kama wanamwamini na kumwabudu Mungu mmoja wa kweli, hawajui nia ya Mungu huyo kwao, kwa sababu hawana Kristo. Aliyaandika hayo katika mwaka ambao jeshi la Waturuki liliuzingira mji wa Vienna, wakati ambapo neno lolote baya juu ya Mwislamu lingepokewa kwa furaha. Maneno yake ni makali, na Mwislamu hatayapenda. Lakini yanaiweka tofauti mahali pake hasa: katika Kristo, katika neema, katika swali la namna Mungu alivyo kwetu. Mhubiri wetu aliihamisha tofauti hiyo kutoka kwa Kristo akaipeleka kwenye kisu.

Kuna jambo jingine ambalo wafafanuzi wengi wamelitambua, na ambalo nilikuwa sijaliona mwaka 2013. Katika 10:27-29 Paulo anamweleza Mkristo aliyealikwa chakula na mtu asiyeamini. Mtu mmoja mezani anamwambia kwamba nyama hii imetolewa kafara. Lakini neno ambalo Paulo analiweka kinywani mwa mtu huyo silo eidolothuton. Ni hierothuton, yaani kitu kilichotolewa mahali patakatifu. La kwanza ni neno la dharau, walilolitumia Wayahudi na Wakristo juu ya wengine. La pili ndilo ambalo mpagani mwenyewe angelitumia juu ya ibada yake. Paulo, ambaye mistari michache tu nyuma ameiita ibada hiyo meza ya mashetani, anapomnukuu jirani humwacha aseme kwa maneno ya jirani. Hajabadili imani yake hata kidogo. Ila anajua kwamba maneno ya mtu juu ya ibada yake ni mali ya mtu huyo.

Tena kuna kejeli isiyopendeza. Mitume huko Yerusalemu, katika Matendo 15, waliwaomba Wakristo wa Mataifa wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa, ili Wayahudi na Mataifa waweze kuishi pamoja kanisani. Mchinjaji wa Kiislamu, akatae koo na kuiacha damu imwagike, alilitunza agizo hilo kwa uaminifu kuliko sisi tuliokuwa tukimshutumu kwa Biblia mkononi.

Hubiri la pili: "Mkristo ni huru"

Hubiri langu halikumwita mtu mwabudu sanamu. Nilikuwa na shahada ya seminari na nilijihadhari. Niliuchagua mstari wa 10:25, ambamo Paulo anawaruhusu Wakorintho kula kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza maswali. Nikauunganisha na kijitabu cha Luther cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo. Nikahitimisha kwamba Mkristo asikubali mtu wa dini nyingine amwekee sharti juu ya chakula chake, na kwamba kuendelea kumwita Mwislamu achinje katika shughuli zetu ni kukubali nira.

Daftari limeandika hitimisho hilo kwa wino mwekundu.

Nianze na lile lililo na uzito katika hubiri hilo, kwa sababu lipo. Wakristo wa Tunduma hawakuwa wamelalamika bure. Desturi ya Mwislamu kuchinja nyama ya wote ilianza kama adabu: asiye na mwiko alimpisha mwenye mwiko, ili wale pamoja. Lakini adabu ikidumu miaka mingi bila kuelezwa hugeuka kuwa haki, na haki hugeuka kuwa amri. Mwaka 2013 Serikali ilitangaza kwamba utaratibu uliozoeleka uendelee. Wakristo wengi walisikia katika tangazo hilo kwamba mkono wao ni najisi kwa amri ya dola. Tena machinjioni mchinjaji hulipwa ujira, kwa hiyo nyuma ya dhamiri kulikuwa na mfuko pia, pande zote mbili. Asiyetaka kuyaona hayo asijaribu kupatanisha watu.

Kwa upande wa theolojia, hoja yangu yenye nguvu zaidi ilitoka katika Fomula ya Mapatano ya mwaka 1577, kifungu cha kumi, kinachohusu mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa na Neno la Mungu. Baada ya kushindwa kwa mabwana wa Kilutheri vitani, Kaisari Karoli wa Tano alitaka mwaka 1548 kuwarudishia taratibu walizokuwa wameziacha. Wengine walisema kwamba mambo hayo ni ya nje tu, tukubali. Fomula ikajibu kwamba wakati wa kuungama imani, anapotokea mtu anayelazimisha jambo la nje ili kuidhoofisha Injili, hata jambo la nje haliachiliwi. Paulo alimtahiri Timotheo kwa hiari (Mdo 16:3), lakini Tito, ambaye kutahiriwa kwake kulidaiwa kuwa sharti, hakumtahiri (Gal 2:3-5). Nilimlinganisha mchinjaji wa Tunduma na wale waliomdai Tito.

Hapo ndipo nilipopotoka. Waliomdai Tito walitaka Mkristo abadili namna yake ya kuhesabiwa haki mbele za Mungu. Kaisari alitaka kanisa lifundishe lisiloliamini. Jirani Mwislamu hakumtaka Mkristo yeyote akiri neno, wala akane neno, wala asile kitu. Alitaka yeye mwenyewe aweze kula. Kifungu cha kumi ni silaha ya kanisa linapoambiwa limkane Kristo. Niliichomoa kwa ajili ya sufuria ya harusi.

Na mstari wa 10:25 wenyewe nilikuwa nimeukata katikati ya hoja. Paulo anamwondolea mnunuzi mzigo wa kuuliza katika makellon, yaani soko la nyama. Hasemi lolote juu ya nani ashike kisu. Na mara tu baada yake anaendelea na mstari wa 28 na 29, kwamba akitokea mtu wa kusema, Mkristo aache kula kwa ajili ya dhamiri, na anaeleza wazi kwamba ni dhamiri ya yule mwingine. Katika 10:32 anawataja kwa majina wale ambao Mkristo asiwe kikwazo kwao: Wayahudi, Wayunani na kanisa la Mungu. Wawili kati ya hao watatu wako nje ya kanisa. Nilikuwa nimewafundisha washarika kwamba kumjali mdhaifu, kama sura ya 8 isemavyo, kunahusu ndugu wa imani tu, na kwa sura ya 8 pekee nilikuwa sahihi. Nilisimama nusu ya safari ya Paulo, nikafundisha kama kwamba ameshafika.

Luther naye nilimkata. Kijitabu cha mwaka 1520 kina kauli mbili: kwamba Mkristo kwa imani yuko juu ya vitu vyote wala hatawaliwi na yeyote, na kwamba kwa upendo ni mtumishi wa wote. Nilihubiri ya kwanza kwa dakika arobaini. Ya pili haimo katika daftari, na mzee yule hakuwa mtu wa kusahau.

Laiti ningeliyasoma mahubiri ya Wittenberg ya Machi 1522. Wakati Luther amefichwa Wartburg, wenzake walikuwa wamebadili ibada kwa haraka na watu wakala nyama wakati wa mfungo ili waonekane huru. Katika Kwaresima ileile, huko Zürich, watu walikula soseji nyumbani kwa mchapaji Froschauer, na Zwingli aliyekuwepo akaitetea haki yao mimbarini. Luther alirudi akahubiri siku nane. Juu ya chakula alitofautisha watu watatu. Wa kwanza ni mgonjwa asiyeweza kufunga: huyo ale. Wa pili ni yule anayebanwa na papa kwa amri: huyo ale mbele ya mwenye kumbana, ili uhuru usipotee. Wa tatu ni mtu ambaye hajaelewa na ambaye dhamiri yake ingeumizwa: mbele yake tuuzuie uhuru wetu. Jambo lote linategemea kumtambua aliye mbele yako. Mahubiri ya mwaka 2013 hayakutambua. Tuliwatazama majirani tuliokula nao miaka ishirini, tukamwona papa.

Sisemi kwamba Mkristo alitenda dhambi akichinja ng'ombe wake kwa ajili ya nyumba yake. La hasha. Wala sisemi kwamba mabucha mawili, kila moja na kibao chake, ni uovu. Pengine kisheria ndiyo njia iliyo wazi, kwa maana mnunuzi hujua anachonunua na hakuna anayedanganywa. Kudanganya ndiko kubaya: kumwuzia mtu kimyakimya kile unachojua dhamiri yake inakikataa. Lakini bucha ni biashara, na harusi ni jambo jingine. Hakuna aliyewahi kuweka vibao viwili juu ya sufuria za msiba bila ya msiba wenyewe kupungukiwa na kitu.

Tuikumbuke pia Aprili 1993, wakati mabucha ya nguruwe yalipovamiwa Dar es Salaam. Wakristo tulisema kwa sauti moja kwamba asiyeila nyama hiyo apite zake, na asimzuie mwingine kwa mwiko wake. Tulisema kweli. Nao wakati ule walisema kwamba harufu na maonyesho ya nyama hiyo ni dharau kwao, na wachache wetu waliojaribu kusikia maumivu yaliyo ndani ya maneno hayo walihesabiwa kuwa wasaliti. Sheria inamlinda mwenye bucha la nguruwe, na inapaswa kumlinda. Swali la Paulo linaanza mahali sheria inapoishia.

Hubiri la tatu: "Dini zote ni njia moja"

Hubiri hili lilitolewa mwezi Mei, baada ya fujo, katika mkutano wa amani. Mhubiri alisema kwamba tofauti za Wakristo na Waislamu ni za majina tu, kwamba sote tunaelekea mlima mmoja kwa njia mbalimbali, na kwa hiyo hapana la kugombania. Watu walipiga makofi. Sitakaa hapa muda mrefu. Nia yake ilikuwa njema, na katika wiki zile neno lolote lililowazuia vijana wasiokote mawe lilikuwa na faida.

Hata hivyo, hubiri hili lina dharau yake. Qur'ani, katika sura ya 4 na ya 112, inakataa waziwazi kwamba Mungu ana Mwana. Sisi tunakiri kwamba anaye, na kwamba alisulibiwa kwa ajili yetu, jambo ambalo Qur'ani pia inalikataa. Kumwambia shehe kwamba hayo ni majina tu ni kumwambia kwamba hajui anachoamini. Sijapata kukutana na shehe aliyelishukuru hubiri la namna hiyo. Wale niliokutana nao walipendelea mchungaji awaambie anachokiri, kisha awaulize wanachokiri wao, na asikilize mpaka mwisho.

Ajabu ni kwamba hubiri la tatu linafanana na la kwanza. Moja linasema Mwislamu ni mwabudu sanamu, jingine linasema ni Mkristo asiyejijua. Yote mawili yamemnyima nafasi ya kuwa Mwislamu.

Juu ya mimbari na kipaza sauti

Hatuwezi kuyatenga mahubiri haya na shule iliyoyalea. Tangu miaka ya 1980 miji yetu imesikia mihadhara ya hadhara, ambamo wahubiri wa Kiislamu walitumia Biblia kuthibitisha Uislamu, kwa mtindo aliousambaza Ahmed Deedat wa Durban. Kitabu cha Ngariba na Kawemba, "Uislamu katika Biblia", kilichotoka mwaka 1987, kilisomwa sana. Wakristo walijibu kwa mihadhara ya namna ileile, Qur'ani mkononi. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliifuata mihadhara hiyo kama wengine wanavyoufuata mpira wa miguu, na kwa moyo uleule: nilitaka upande wetu ufunge. Katika mtindo huo kitabu cha mwenzako husomwa ili kitoe silaha. Mistari hung'olewa kutoka mahali pake, kama nilivyoung'oa ule wa 10:25. Nadhani nilijifunza kosa hilo uwanjani kabla sijafika darasani.

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu ina sehemu nzima juu ya makosa dhidi ya dini, na kifungu cha 129 kinamgusa asemaye neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenzake. Ni vema kiwepo. Lakini ushuhuda ninaoutamani kwa wahitimu wetu ni ule wa Matendo 19:37. Efeso imechafuka kwa sababu ya mahubiri ya Paulo, mafundi wa fedha wamepoteza wateja, umati umepiga kelele kwa saa mbili. Ndipo karani wa mji, mpagani, anasimama na kushuhudia kwamba watu hawa hawakumtukana mungu wetu wa kike. Paulo alikuwa amekaa huko kwa zaidi ya miaka miwili, akifundisha kwamba vitu vilivyofanyika kwa mikono si miungu, na hakuficha neno. Bado asiyeamini aliweza kusema hivyo mbele ya umati.

Wanafunzi huniuliza kama Luther angepata ushuhuda huo. Hapana, asingeupata. Mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya kutisha, na Shirikisho la Kilutheri Duniani liliyakataa rasmi mwaka 1984. Katika mwaka uleule wa 1543 Qur'ani ya Kilatini iliyotayarishwa na Theodor Bibliander ilichapwa Basel, baada ya Luther kuwaandikia watawala wa mji huo waiachilie, naye akaiandikia utangulizi. Alitaka isomwe ili ipingwe, lakini ipingwe kwa kile kinachosemwa ndani yake. Mtu mmoja, mwaka mmoja. Nawaambia wanafunzi wamnukuu kwa uangalifu, nami najiambia hivyohivyo.

Tanbihi juu ya hubiri la pili

Katika usharika wangu wa wakati ule palikuwa na mzee mmoja Mwislamu, jirani wa kanisa, fundi wa baiskeli. Kwa miaka mingi, kila palipokuwa na harusi, kipaimara au msiba, wazee wa kanisa walimtuma kijana kwake jioni, naye alifika alfajiri na kisu chake kimefungwa katika kitambaa cheupe. Hakutaka malipo. Alikubali kipande cha ini na chai. Alipomaliza, alibaki na watu mpaka jioni.

Baada ya hubiri langu hakuna aliyepitisha azimio lolote. Katika kumbukumbu za baraza la wazee hamna neno. Kijana hakutumwa tena, basi.

Mwaka 2014 tulifiwa na mama mmoja mzee, aliyekuwa akipika maandazi karibu na karakana ya fundi yule. Ng'ombe alichinjwa na mmoja wetu, vijana wakishangilia kidogo, jambo lililonikera ingawa sikusema kitu. Mzee alikuja mazikoni bila kisu. Alichangia mchanga kaburini kama wengine, akakaa nasi chini ya turubai. Sahani zilipopita, kijana alimletea wali na nyama. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya benchi kando yake, akaifunika kwa kofia yake ili nzi wasiishambulie. Nilimwendea nikamwuliza mbona hali. Akasema, "Baba Mchungaji, nimekwisha kula nyumbani. Mpe huyu mtoto."

Nilimpa mtoto.